Gofu, Maji na Hati: Bustani za Pamoja katika Mji wa Tabora

Mali iliyodorora mjini ni nyumba au kiwanja ambacho mwenyewe ameshindwa kukitumia, kukitunza au kukilipia, ilhali bado hajakiachia. Tabora mali ya namna hiyo iko ya kila aina. Kuna nyumba ya udongo katika mitaa ya zamani kama Gongoni, Kanyenye na Ng'ambo, iliyoachwa na marehemu kwa warithi waliotawanyika, paa likaingia ndani na ukuta mmoja ukabaki wima. Kuna kiwanja kilichopimwa pembezoni mwa mji, chenye namba na mawe ya mpaka, ambacho mwenyewe anaishi Dar es Salaam au Mwanza na hajakitupia hata tofali moja. Kuna nyumba iliyowekwa rehani benki, mkopo ukamshinda mkopaji, sasa inangoja mnada. Na kuna maeneo ya taasisi, kama reli, shule, misikiti na makanisa, ambayo hayana ugomvi wowote ila hayana kazi.

Uwekezaji unaozungumziwa hapa ni wa kuchukua mali kama hizo, kwa kununua, kukodi au kupewa idhini, kisha kuzifanya bustani za mboga zinazolimwa kwa pamoja na wakazi wa mtaa. Wazo hilo limefanyiwa kazi sana Detroit, Marekani, mji uliokuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950 na ambao sensa ya 2020 iliukuta na watu wasiofika 650,000. Watu walipohama, viwanja vikabaki kwa makumi ya maelfu, na manispaa ikaviuza kwa bei ya kutupa. Tabora haiko hivyo. Sensa ya 2012 iliihesabia manispaa hiyo watu 226,999, na sensa ya 2022 ikawakuta wamevuka 300,000. Ardhi ya Tabora haikulala kwa kukosa watu. Imelala kwa sababu madai juu yake yamefungana, huyu hawezi kuuza bila yule, na yule hapatikani. Anayetaka kuwekeza humo ajue kwamba anachonunua kwanza ni njia ya kutoka katika ugomvi wa watu wengine. Bei ya kiwanja chenyewe mara nyingi ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Mji huu ulianza kama mji wa nyumba na bustani. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kama mji ulivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu, akiwamo Snay bin Amir aliyewapokea, wakiishi katika matembe makubwa yenye nyua, na Burton aliandika kwamba bustani zao zilikuwa pana na zimepandwa vizuri. Sababu haikuwa anasa. Msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea miezi mitatu, minne au zaidi kabla ya kuingia Unyanyembe, eneo la Wanyamwezi lenye mji huu, na hapo watu wake walikaa wiki hata miezi wakingoja mvua ikatike, vita viishe au wapagazi wapya wapatikane. Watu hao wote walikula. Mahindi, mtama, mpunga na viazi vitamu vya wakulima wa Kinyamwezi vilinunuliwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga, na vitunguu, ngano na matunda vikatoka katika bustani za matembe. Miembe ikashika kandokando ya njia, kutoka pwani hadi Ujiji.

Kuna jambo ambalo masimulizi ya watalii huliruka: bustani hizo hazikulimwa na wenye nyumba. Kwa sehemu kubwa zililimwa na watumwa, nao walikula walichogawiwa. Amri ya Wajerumani iliwafanya huru watoto wa watumwa waliozaliwa kuanzia 1906, na sheria ya Waingereza ya 1922 ikaufuta utumwa wenyewe Tanganyika. Katikati ya miaka hiyo miwili reli ya kati ilifika Tabora, mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi ikaisha. Bustani kubwa ya tembe ikapoteza wakulima wake na wateja wake karibu kwa wakati mmoja. Tembe nalo ni jengo la udongo na miti, lenye paa tambarare la udongo. Lisipokandikwa huvuja, hulowa na hurudi chini lilikotoka. Ndiyo maana alama za mji wa misafara ni chache kuliko sifa zake, na Tembe la Livingstone huko Kwihara, alikokaa mwandishi wa habari Henry Stanley mwaka 1871, kisha yeye pamoja na David Livingstone mwaka 1872, limebaki kwa kuwa limefanywa makumbusho na kukarabatiwa.

Kwa mwekezaji, historia hiyo ina makali ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine ya baadaye yaliyotangazwa rasmi. Njia ya kati ya misafara, pamoja na vituo vyake kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Anayeona ukuta mnene wa udongo Kwihara au Ujiji na kufikiria kuusambaratisha apate udongo wa matuta, aanzie ofisi ya mambo ya kale kabla ya kushika jembe.

Kilimo cha mjini nacho hakikuanza na wafadhili wa miaka ya karibuni. Mwaka 1972 chama tawala cha TANU kilitoa Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo, na ukame wa 1974 ulipobana ikafuata kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wafanyakazi wa ofisi walihimizwa kulima kila penye nafasi. Miaka ya 1980 mshahara ulipopoteza thamani, wengi hawakuhitaji tena kuhimizwa. Kanuni za kilimo cha mjini zilizotungwa 1992 ziliruhusu mtu mmoja asizidi ekari 3, na ng'ombe wasizidi 4 wa kulishwa bandani. Halmashauri nyingi ziliongeza sheria ndogo zinazokataza mazao marefu, hasa mahindi, katikati ya mji kwa hofu ya wezi na mbu. Hofu ya wezi inaeleweka. Ile ya mbu inatetereka, kwa sababu mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotuama, na shimo la kufyatulia tofali lililoachwa wazi humlea mbu kuliko mhindi. Hata hivyo kikundi kinachoanza hakishindani na sheria ndogo. Kinapanda mchicha, figiri, matembele, bamia na nyanya chungu, mazao yasiyomfichia mtu yeyote chochote.

Sasa hati. Kisheria hakuna anayenunua ardhi yenyewe Tanzania. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, na mtu hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, kwa masharti yaliyoandikwa ndani ya hati. Sharti moja kwa kawaida ni kujenga jengo la kudumu ndani ya miezi 36. Jingine ni kutumia eneo kwa kilichotajwa na si kingine. Tuta la mchicha pembeni mwa nyumba halimsumbui mtu, lakini kiwanja kizima cha makazi kilichofanywa shamba ni ukiukaji wa masharti, na milki inaweza kubatilishwa. Njia ya halali ni kuomba manispaa ibadilishe matumizi ya eneo chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, au kulima kama shughuli ya muda ilhali mwenye kiwanja bado anajiandaa kujenga. Mwenye kiwanja asidanganywe kwamba bustani inamwondolea wajibu wa kujenga. Inachomfanyia ni kufukuza wavamizi na watupa taka, na pengine kumpa kiasi cha kulipia kodi ya pango la ardhi.

Kwenye magofu ya mirathi ndiko fedha nyingi za watu zinakopotelea. Baba anafariki, nyumba inabaki na watoto wa wake wawili, mmoja yuko Kaliua, mwingine Zanzibar, wa tatu alikwenda Muscat miaka mingi iliyopita na sasa ana uraia wa huko. Anayekaa karibu na gofu ndiye anayeliuza. Anamwita mjumbe, majirani wawili wanashuhudia, karatasi inagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na mnunuzi anaondoka akiamini amemaliza. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba watu walikutana na fedha ikatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Haihamishi milki. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kabla ya kulipa mnunuzi anatakiwa kuiona barua ya uteuzi wake, kuwajua warithi wote, na kupata saini zao au za mawakala wao wenye hati za uwakilishi. Mrithi aliyechukua uraia wa nchi nyingine huongeza fundo, kwa kuwa kwa kawaida Sheria ya Ardhi haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Mabinti ndio husahaulika zaidi katika orodha ya warithi, nao ndio wanaojitokeza bustani ikishachanua. Wana haki. Sheria ya ukomo huwapa watu miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani, na miaka 12 ni mingi kuliko maisha ya bustani nyingi za vikundi.

Mnada wa benki unaonekana msafi zaidi, na kwa kiasi ni kweli. Benki lazima impe mkopaji notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, kisha mnada utangazwe hadharani kwa siku 14 kabla ya nyundo kugongwa. Mnunuzi anayefurahia bei ya kutupa afahamu kwamba Sheria ya Ardhi inaitilia shaka bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, na mkopaji anaweza kukimbilia mahakamani akidai benki haikutafuta bei nzuri. Kuna pia suala la ridhaa ya mwenzi. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mume au mke kukubali, na kesi nyingi za minada huanzia kwa mke ambaye hakuwahi kuiona karatasi ya mkopo. Kikundi kidogo cha mtaa hakina kifua cha kubeba kesi ya namna hiyo kwa miaka mitatu. Mnada ni wa mwekezaji mwenye wakili na subira.

Maeneo ya taasisi hayana matatizo hayo, na kwa bustani ya pamoja mara nyingi ndiyo chaguo bora ingawa hayampi mwekezaji chochote cha kujivunia. Mali ya wakfu haiuzwi, ila inaweza kukodishwa. Shule yenye ekari za nyasi inaweza kuingia mkataba kupitia halmashauri. Reli ina hifadhi yake, inayotajwa kuwa mita 15 kila upande mijini na mita 30 vijijini, na anayelima humo bila kibali hana pa kulalamikia siku anayoondolewa. Vivyo hivyo hifadhi ya barabara, na ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa uliokatazwa shughuli za kudumu na Sheria ya Mazingira ya 2004. Mabonde ndiyo yenye maji na rutuba, kwa hiyo ndiyo yanayovutia wakulima na ndiyo yanayowaponza.

Kwa mazingira ya Tabora, kukodi kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitano hadi kumi kunashinda kununua karibu kila mara. Mkataba wa muda mrefu husajiliwa kwa Msajili wa Hati, na tangu 2020 huduma hizo zimesogezwa katika ofisi za ardhi za mikoa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuacha kwenye droo. Kikundi kinachotaka kumiliki au kukodi kwa jina lake, si kwa jina la mwenyekiti wake, kinahitaji kuwa na utu wa kisheria, kwa mfano bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Mwenyekiti akifariki, bustani iliyoandikwa kwa jina lake inaingia katika mirathi yake, na gofu jipya limezaliwa.

Mkataba useme pia kuhusu miti. Mwembe, mparachichi au mchungwa ni maendelezo ya kudumu: yanathaminiwa, yanafidiwa, na yanatumiwa kama ushahidi wa nani alikuwa mwenye eneo. Wenye viwanja wanalijua hilo tangu zamani, ndiyo maana humkubalia mpangaji kupanda mihogo na kumkatalia kupanda mwembe. Kikundi chenye miaka mitano kibaki na mboga, mapapai na migomba iliyotajwa kwa idadi, na kiandike mapema kwamba itang'olewa au itabaki bila madai.

Baada ya hati ni maji, na hapo hesabu ndiyo inayosema. Tabora hupata mvua ya karibu milimita 900 kwa mwaka au zaidi kidogo, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Mboga za majani katika jua la Septemba zinahitaji takriban lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linakunywa lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20, kila siku ya Mungu. Kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 30, kikiachiwa njia, kitalu, lundo la mboji na banda la zana, kinaingiza matuta 40. Hizo ni lita 2,000 kwa siku, ndoo 100. Simtanki la lita 5,000, ambalo vikundi vingi hulinunua kwa shangwe na kupiga nalo picha, linatosha siku mbili na nusu.

Paa la jirani linaweza kusaidia. Paa la bati la mita za mraba 100 katika mvua ya milimita 900 linapokea lita 90,000, na ukiondoa za kumwagika na kukauka zinabaki kama 70,000. Kwa matuta 40 hayo ni maji ya siku 35. Lakini yote yanashuka katika miezi ambayo bustani haiyahitaji, na tangi la kuyahifadhi hadi Septemba linagharimu kuliko kukodi kiwanja kwa miaka mingi. Bomba nalo lipo. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea zaidi bwawa la Igombe, hadi mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulipozinduliwa mwanzoni mwa 2021 na kuufikia mji kupitia Nzega. Maji hayo yamesafirishwa na kusafishwa kwa ajili ya kunywa, yanapimwa kwa mita na kulipiwa kila yuniti. Bustani inayoyategemea kwa ndoo 100 kila siku italima kwa ajili ya kulipa ankara.

Kinachobaki ni kisima, na mwekezaji mwenye akili huchagua kiwanja kwa kuangalia kisima kwanza na ukubwa wa eneo baadaye. Visima vifupi hushuka kuanzia Agosti. Njia nzuri ya kukipima ni kukivuta mwishoni mwa Oktoba, mwezi mbaya kuliko yote, na kuhesabu ndoo hadi tope litokee, kisha kungoja na kuona kinajaa kwa saa ngapi. Muuzaji anayekataa kipimo hicho na kusema kisima hakijawahi kukauka ameshajibu swali. Kiwanja chenye kisima cha ndoo 50 kina matuta 20, hata kama kina nafasi ya matuta 60. Matuta mengine ni ya masika.

Katika mitaa ya zamani kisima kina jirani yake, nalo ni choo cha shimo. Nyumba zilizokaa karibu karibu kwa vizazi zimeacha mashimo yaliyofukiwa ambayo hakuna anayekumbuka yalipo, na maji ya kisima kifupi hupita humo humo ardhini. Maji kama hayo yanafaa kumwagilia mizizi ya mmea, chini, kwa kopo au kwa mfereji. Hayafai kunyunyiziwa juu ya kachumbari ya kesho. Saladi, kotimiri na mboga zote zinazoliwa mbichi ziachwe, zipandwe zile zinazopita jikoni.

Udongo wa kiwanja cha gofu nao una historia. Ukuta wa tembe au wa tofali mbichi ukisagika hauna madhara. Ni udongo uleule wa Unyamwezi, mwingi ukiwa kichanga, maskini wa rutuba, unaohitaji samadi na mboji nyingi msimu wa kwanza. Wasiwasi uko kwingine. Penye gereji, palipochomelewa vyuma, palipovunjwa betri za magari au palipobanduka rangi za zamani panaweza kuwa na risasi, metali inayowadhuru watoto zaidi na isiyooshwa kwa maji. Mboga za bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zimepimwa mara kadhaa na watafiti wakakuta metali nzito kutokana na maji ya viwandani. Mabati ya asbesto kwenye baadhi ya majengo ya zamani hayavunjwi kwa nyundo na vijana waliojitolea. Udongo hupimwa maabara, kwa mfano katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, Tanga, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wataalamu wa kituo cha Tumbi cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, nje kidogo ya mji wa Tabora, wanaujua udongo wa ukanda huu. Penye shaka hupandwa katika viroba au matuta yaliyoinuliwa kwa udongo wa kuletwa.

Aliyekuja Unyamwezi na fedha nyingi bila kuujua udongo ameshatokea. Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukameza kama pauni milioni 36 na kufungwa mwaka 1951. Matrekta yalikuja, lakini mvua ya kutosha haikuja kila mwaka, na udongo wa Kongwa ukakauka mgumu kama saruji. Urambo baadaye ilipata maisha yake katika tumbaku, kwa mikono ya wakulima wadogo. Kiwango ni tofauti sana na bustani ya matuta 40, lakini mpangilio wa makosa unafanana: vifaa kwanza, kipimo cha maji na udongo baadaye.

Upande wa watu, swali gumu ni nani anabaki na nini mtaa ukipendeza. Mwaka 1999 Meya Rudolph Giuliani wa New York alitaka kupiga mnada bustani zaidi ya 100 ambazo wakazi walikuwa wamezifufua katika viwanja vya magofu na takataka. Upinzani ulipopanda, mashirika mawili ya hisani yalizinunua 114 kwa jumla ya dola milioni 4.2, na zikabaki bustani. Los Angeles haikubahatika hivyo. Bustani ya ekari 14 ya South Central, iliyolimwa na mamia ya familia baada ya machafuko ya 1992, ilirudishwa kwa mmiliki binafsi mwaka 2003, na mwaka 2006 askari waliwatoa wakulima. Katika visa vyote viwili kilichopandisha thamani ya kiwanja ni kazi ya watu wasiokuwa na hati. Tofauti ilikuwa karatasi na nani aliwahi kuzipata fedha za kuinunua.

Tabora hakuna shirika linalongoja na dola milioni 4. Kinachowezekana ni mwekezaji kukubali mapema, kwa maandishi, kwamba kikundi kina haki ya kwanza ya kununua kwa bei ya mthamini endapo eneo litauzwa, na kwamba notisi ya kuondoka haitakuwa chini ya msimu mmoja mzima wa mboga. Wawekezaji wanaokataa sharti hilo wapo, na wana sababu zao za kibiashara. Basi wasiiite bustani yao bustani ya jamii. Wanachofanya ni kulindiwa kiwanja bure. Kikundi kilichosajiliwa manispaa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria inaigawa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka uliofuata.

Mwekezaji hurudishiwa fedha yake polepole. Njia ya kawaida ni mgawo wa mauzo: kikundi kinatoa kwanza gharama za mbegu, samadi na mafuta ya pampu, kinachobaki kinagawanywa kwa uwiano uliokubaliwa, na kila mlimaji ana tuta moja au mawili ya nyumbani yasiyoingia kwenye mgawo. Tuta hilo la nyumbani ni la lazima. Bila hilo mlimaji anakuwa kibarua asiye na mshahara, na atakuwepo hadi wiki ya tatu. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne, matembele baada ya mwezi na zaidi, nyanya baada ya miezi mitatu hivi, kwa hiyo fedha ya kwanza inaingia mapema, kidogo kidogo, kwa mafungu ya gengeni. Hakuna mkopo wa benki wa riba ya kawaida unaolipika kwa mwendo huo.

Bei ya mboga Tabora hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Februari na Machi karibu kila ua una mlenda, majani ya maboga na kunde ya kuchuma bure, na fungu la mchicha halina mnunuzi. Kuanzia Agosti hadi mvua za Novemba mambo hugeuka, na mwenye kisima ndiye mwenye soko. Kwa hiyo mikataba husainiwa vizuri mwezi Aprili au Mei, mvua zikikatika, ili kisafishwe kisima, kiandaliwe kitalu na matuta ya kwanza yawe yanachumwa Juni. Ziada ya masika haitupwi. Majani ya kunde huchemshwa, huanikwa juani na kuwa nsansa, viazi vitamu hukatwa na kukaushwa kuwa michembe, na vyote viwili hukaa ghalani hadi miezi ya njaa ya mboga. Uwiano wa mgawo wa vilivyokaushwa uandikwe peke yake katika mkataba, kwa sababu ni kazi ya wanawake ya wiki nzima juani, na bei yake Oktoba si bei ya majani mabichi ya Machi.